Kubadilisha klachi ya Land Cruiser nyumbani: kazi iko kwenye uzito wa giaboksi na transfa

Ndugu uliyeuliza kutoka Kasulu kama klachi ya Land Cruiser yako yenye injini ya 1HZ inaweza kubadilishwa uani bila shimo la gereji, nakujibu kwamba inawezekana, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya nyumbani hapa Ujiji kwa gari la aina hiyohiyo. Ila ujue mapema kwamba ugumu wake hauko kwenye klachi. Uko kwenye giaboksi iliyofungwa pamoja na transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma), kwa maana viwili hivyo huzidi kilo 80.

Kwanza thibitisha ugonjwa. Injini ikiwa imepata moto, zuia magurudumu, kaza breki ya mkono, ingiza gia ya juu kisha achia klachi polepole: injini ikizimika, klachi bado inashika, ikiendelea kunguruma, pleti (sahani ya klachi inayoshikana na injini) imekwisha. Kama shida ni gia kukataa kuingia, anza kukagua silinda ya juu (ya kwenye pedeli) na ya chini (ya kwenye giaboksi) ya klachi, kwa sababu huenda mafuta yanavuja huko tu.

Gari likae mahali tambarare na pagumu, juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Tofali zetu za kuchoma usizitumie kabisa kubebea gari, kwani hupasuka ghafla, na masika udongo wetu mwekundu hulainika, hivyo tandika mbao nene chini ya kila stendi na chini ya jeki.

Baada ya kuchomoa waya wa betri, mwaga oili ya giaboksi na ya transfa, kisha fungua propela zote mbili (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ukiwa umezitia alama ya rangi ili zirudi kama zilivyokuwa. Silinda ya chini ya klachi ifungue bila kutoa mpira wake, uifunge pembeni kwa waya. Kabla ya kuondoa mhimili unaoshikilia giaboksi, tegemeza injini kwa gogo chini ya sampo (bakuli la oili la injini), la sivyo italala nyuma na kuvuta mipira ya maji.

Kwa kuwa kushusha giaboksi ndiyo jasho lote, usinunue pleti peke yake. Badilisha presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti), rilizi beringi (beringi inayosukuma kifuniko hicho ukikanyaga klachi), beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), maana sili ikivuja wiki moja baadaye, oili itaharibu pleti mpya na utarudi chini ya gari. Flaiwili yenye nyufa au madoa ya buluu ya moto ipeleke kwa mchonga vyuma aikague. Vumbi la klachi kuukuu usilipulize kwa upepo, kwani pleti za zamani huenda zina asbestosi. Lifute kwa kitambaa kibichi.

Pleti lazima ikae katikati kabisa kabla ya kukaza presha pleti, na asiye na shafti kuukuu ya giaboksi ya kuiwekea katikati anaweza kumpa fundi seremala vipimo vya tundu la pleti na la beringi amchongee mti mgumu wa mninga. Bolti zikazwe kidogokidogo kwa kupishana.

Hapa sasa ndipo uzito unapoharibu kazi ya watu. Wakati wa kurudisha, giaboksi isining'inie juu ya pleti hata kwa dakika moja, kwa sababu shafti hupinda kitovu cha pleti, kisha klachi haiachii vizuri na gia hukwaruza ingawa kila kitu ni kipya. Jeki ibebe uzito wote, mtu wa pili aelekeze mkia wa transfa, na nafasi kati ya giaboksi na injini iwe sawa pande zote. Meno ya shafti yakikataa kuingia, weka gia, hakikisha transfa haiko huru, kisha zungusha taratibu sehemu ya transfa inapofungwa propela ya nyuma. Usivute giaboksi kwa bolti hata ikibaki upenyo wa kidole, maana ganda lake hupasuka.

Ukimaliza, jaza oili zote mbili, toa upepo kwenye mfumo wa klachi, na kwa kilomita 500 za mwanzo usibebe mawese wala mihogo ya kujaza bodi kwenye milima ya Kalinzi.