Kusoma jeni si lazima iwe GMO

Hapana ndugu unayedhani kila utafiti wa jeni ni GMO (mmea uliobadilishwa jeni maabara): kusema "utafiti wa jeni za kanola na mbaazi" hakumaanishi lazima zote ni GMO. Kanola (zao la mbegu za mafuta) nyingi ya Kanada ni GMO kweli, ila hiyo ni kwa ajili ya kustahimili dawa ya magugu. Kutafuta ustahimilivu wa ukame au magonjwa mara nyingi ni uzalishaji wa mbegu wa kawaida: watafiti wanachavusha, mche ukichipua wanakata kipande cha jani, wanapima DNA, usio na jeni inayotakiwa unang'olewa hapohapo. Miaka inaokolewa. Halafu kanola yenyewe ni chotara wa kabichi na tanipu (mboga ya mzizi), imebeba jeni za wazazi wote wawili, kwa hiyo jeni moja huja kwa nakala kadhaa, kichwa kinamuuma mtafiti!