Nimeokoka, mbona sijabadilika? Maswali yenu ya mwezi huu

Barua nyingi safari hii zimetoka upande wa Ziwa Victoria, na moja ya Nakuru ilinikosesha usingizi. Majina nimeyaacha. Mnajua mimi si mchungaji. Ni mama muuza omena, dagaa wa ziwani, ambaye pia ni mzee wa kanisa, kwa hiyo nitakachosema kipimeni kwanza.

*Mama, Bwana asifiwe. Naendesha boda boda hapa Kondele, Kisumu. Nimeokoka mara tatu, zote kwenye krusedi. Nalia, naombewa, naacha pombe na kubeti wiki mbili tatu, halafu Jumamosi moja naweka mkeka wa kubeti na narudi palepale. Mara ya nne naona aibu kupita mbele. Ina maana wokovu wangu ulikuwa wa uongo?*

Asifiwe sana, mwanangu. Mara ya nne usipite mbele. Kaa hapa nikueleze habari ya gorogoro yangu, mkebe wangu wa kupimia.

Nilimpa Bwana maisha yangu uwanjani, usiku, mvua ikinyesha, nikalia mpaka leso ikalowa. Machozi yale yalikuwa ya kweli na sijawahi kuyatilia shaka. Kesho yake alfajiri nilikuwa sokoni Kibuye napima omena kwa gorogoro ileile ambayo kitako chake nilikigonga kwa mchi kikaingia ndani vidole viwili. Wauzaji wanaijua kazi hiyo. Unafunga kitambaa kwenye mchi ili rangi ya mkebe isibanduke, unagonga polepole ukizungusha, na mteja akitazama juu anaona kilima kimejaa. Kuanzia Aprili hadi Julai, omena inapofungwa ziwani ili izaane na bei kupanda, vidole viwili hivyo vilinilipia karo. Niliokoka mwezi wa tisa. Mwezi wa nne uliofuata gorogoro ilikuwa bado kazini, na mimi naongoza maombi ya akina mama kila Jumatano.

Wala sikujiona mnafiki. Nilikuwa nimempa Mungu moyo, nimempa na Jumapili zangu, na anayeijua Kibuye anajua Jumapili ndiyo siku yenyewe, kwa hiyo hapo nilitoa kitu kinachouma. Gorogoro haikunijia akilini kabisa. Mpaka siku moja bibi fulani akaja na mkebe wake mwenyewe ndani ya kikapu. Alinunua gorogoro mbili. Ile ya kwanza akaimimina kwenye mkebe wake mbele yangu. Haikufika ukingoni. Akautikisa, akasawazisha omena kwa kiganja, akatazama pengo lililobaki. Hakusema neno. Alifungua pindo la leso, akalipa pesa yote, akaenda zake.

Usiku huo niliomba bila kutaja moyo wangu hata mara moja. Nilisema, "Bwana, mkebe." Nikaishia hapo. Asubuhi nilinunua mwingine.

Nikamwelewa Zakayo siku hiyo. Luka hatuambii kwamba alilia. Anatuambia alisimama akataja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemnyang'anya kitu amrudishie mara nne. Mtoza ushuru aliongea lugha yake, lugha ya pesa.

Sasa yako. Mara tatu ulipita mbele simu ikiwa mfukoni, na ndani ya simu mna kila kitu unachohitaji ili urudi: akaunti ya kubeti, mkopo wa simu wa Fuliza, na kundi la vijana wanaotumiana mikeka. Hiyo ndiyo gorogoro yako. Mtafute mtu mmoja, afadhali mke au mama yako kuliko mchungaji, umwambie unadaiwa kiasi gani, shilingi kwa shilingi. Futa programu ile akiwa anakuangalia. Pesa ya siku iingie kwenye chama au sacco kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa maana mechi nyingi huchezwa usiku na mfuko mtupu haubeti. Kuhusu pombe, piga 1192, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Haikutozi kitu, na kuongea nao si kumkosea Mungu imani.

Halafu kila asubuhi, kabla ya kuwasha pikipiki, mpe Mungu siku hiyo moja. Ya kesho utampa kesho. Utaanguka tena? Huenda. Paulo anawaandikia Warumi kwamba jema analolipenda halitendi, na alipoandika hivyo miaka mingi ilikuwa imepita tangu aokoke kwenye ile njia ya Dameski.

*Mume wangu aliokoka mwaka jana. Zamani alikuwa mlevi. Sasa Jumanne na Ijumaa hulala kesha, na mshahara unaishia madhabahuni, anasema anapanda mbegu ili Mungu amrudishie zaidi. Mtoto wetu wa sekondari yuko nyumbani kwa sababu ya karo. Nikisema, ananiambia napinga kazi ya Mungu. Mama wa watoto watatu, Bondeni, Nakuru.*

Dada yangu, hupingi chochote. Kwenye Marko sura ya 7 Yesu aliwakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema mali ile ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu. Na Paulo alimwandikia Timotheo neno kali zaidi, kwamba asiyewatunza walio nyumbani mwake ameikana imani.

Kuhusu mbegu, mimi nimekulia Ahero kwenye mpunga. Mbegu tuliitenga, chakula tukakitenga, na hakuna aliyechanganya magunia hayo mawili. Mtu angepanda chakula cha watoto kwenye shamba la jirani, wazee wangemwita wamuulize kama ana homa.

Lakini nataka umwone mumeo vizuri kabla hujamshika koo. Mlevi aliyeacha huogopa usiku. Kesha inamshikilia saa zile ambazo zamani alikuwa baa, na huenda anaamini kwamba akikosa Ijumaa moja atajikuta kwenye kiti kilekile. Usimwambie aache kesha zote. Mwombe abaki na moja, na ile nyingine muombe nyumbani pamoja na watoto. Mambo ya karo msiyazungumze akitoka kesha na macho mekundu. Subiri Jumapili jioni akiwa ameshiba, weka barua ya shule mezani, na awepo mzee mmoja wa kanisa anayemheshimu. Kama huyo mzee naye atakuhubiria mbegu, dada, umefahamu tatizo liko wapi.

*Mimi ni mwanafunzi, Kakamega. Wenzangu wanaomba saa nzima, wengine wakinena kwa lugha. Mimi dakika mbili nimeishiwa na maneno. Nifanyeje?*

Dakika mbili zatosha. Sala ya Bwana haimalizi hata moja, na aliyetufundisha ndiye alituonya tusipayuke. Uko karibu na Kaimosi, basi jifunze kwa majirani. Wamisionari wa Friends, yaani Wakweka, walifika huko mwaka 1902 na desturi ya kikwao ya kunyamaza mbele za Mungu, ingawa Friends wa leo wa huku kwetu huimba na kuhubiri kama sisi wengine. Mwaka 1927, hapohapo Kaimosi, watu walianza kuomba kwa sauti kuu na kuungama dhambi hadharani, ugomvi ukazuka, na makanisa mengine yakazaliwa. Kwa hiyo kelele na kimya vyote vina wazee wake huko Magharibi. Wewe kaa na dakika zako mbili, kisha nyamaza nyingine tatu.

*Nina miaka 61, natoka Bungoma. Baba alipokufa nilisogeza mpaka nikachukua nusu eka ya mdogo wangu. Alihamia Kitale na hajawahi kulalamika. Nimeokoka na nimetubu mbele za Mungu. Je, ni lazima nifukue mambo ya zamani?*

Ndiyo, mzee wangu.

Na siyo ya zamani, kwa sababu mahindi ya mwaka huu yameota juu yake. Wale ndugu wa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea hadi huku Nyanza, walijulikana kwa jambo hilo hasa: mtu akishaungama alirudisha alichoiba, hata kama ni jembe la tajiri wake. Majirani waliwacheka, lakini waliwaamini kuwauzia kwa mkopo.

Panda gari mwenyewe uende Kitale. Usitangulize wazee, na usimtangulizie mdogo wako mistari ya Biblia kuhusu msamaha, maana msamaha ni wake, hujamletea wewe. Usiseme "kama nilikukosea". Sema nusu eka, sema mwaka, sema ulikula mavuno mangapi, kisha unyamaze. Huenda akasema yaliyoliwa yameliwa. Acha aseme yeye. Mkielewana, ndipo muende kwa chifu, sorovea apime, na ombi lipelekwe kwa bodi ya ardhi ndani ya miezi sita tangu makubaliano, la sivyo sheria haiyatambui. Nakuambia haya kwa sababu nimeona ndugu wakikumbatiana kwa machozi, karatasi zisifuatwe, na watoto wao wakafikishana kortini.

*Mama, natumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, mwaka wa sita. Niliombewa, nikaambiwa kuendelea kumeza ni kukosa imani. Nimezificha chini ya kitanda. Siaya.*

Zitoe chini ya kitanda leo, mwanangu, kabla hujamaliza kusoma. Kisha nenda kliniki yako uwaambie umeruka siku ngapi. Hawatakuchapa. Ukiacha dawa, virusi huamka na kuongezeka, na ukimeza leo ukaacha kesho vinaweza kuzoea dawa ikashindwa kufanya kazi. Anayemeza vizuri mpaka kipimo kisione virusi hamwambukizi mwenzake kitandani. Mimi namshukuru Mungu kwa jambo hilo kila ninapowaona wale dada wa kanisani kwetu ambao wangekuwa wamezikwa. Chukua kidonge mkononi, sema asante, umeze. Hiyo ni sala.

*Naweza kufunga siku 40 bila chakula wala maji ili Mungu anibadilishe?*

Hapana. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu, wakiwemo watoto wengi. Ukitaka kufunga, acha chakula cha mchana, unywe maji, na pesa ya chakula umpe mtu mwenye njaa. Anayekukataza maji, mkimbie.

*Tulimwombea mama miezi minane. Siku ya mwisho nilichoka, nikasema "mapenzi yako yatimizwe". Akafa saa tisa usiku. Sasa siwezi tena kuisema sala ile. Ningeng'ang'ana angepona? Binti, Manyatta, Kisumu.*

Nyathina, mwanangu, pole sana. Hapana. Sala yako haikumuua mama. Ugonjwa ulimuua, nawe ulikuwa umeshika mkono wake.

Na usidhani ulikata tamaa. Yule aliyeisema sala ile bustanini Gethsemani hakuianza kwa utulivu. Aliomba kikombe kimwepuke, na akarudi kuomba tena mpaka mara tatu, amejaa huzuni, rafiki zake wamelala. Kutaka mama apone na kumwachia Mungu vilikaa kinywani mwake pamoja, kama vilivyokaa kinywani mwako. Matangani utaambiwa "ni mapenzi ya Mungu" na mtu mwenye sahani ya wali mapajani. Anakupenda, hajui tu la kusema. Huna haja ya kuitikia.

Kwa sasa iache sala hiyo. Ziko nyingine. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila haleluya, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Soma hiyo, kwa sauti, mlango umefungwa.

Mume wangu alipofariki sikuomba kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa bado mzee wa kanisa, na nilikaa nyuma. Wale akina mama wa Jumatano hawakuniita. Walikuja nyumbani na nyungo zao, wakaketi uani, wakanisaidia kuchambua omena, wakitoa mchanga na vikonokono vidogo. Mmoja wao aliomba huku akichambua, bila kufumba macho kwa sababu angechanganya mchanga na samaki. Alipomaliza sikusema amina. Alipepeta ungo wake, wakaaga, na Jumatano iliyofuata wakarudi.