Kengele ya Presha ya Matairi Ikilia Kwenye Barabara ya Magadi: Jibu kwa Msomaji Anayevuta Trela

SWALI: Mhandisi, pokea salamu zangu kutoka Lang'ata. Nina trela ya kupigia kambi yenye ekseli mbili, ambayo ikijaa huwa na uzani wa takriban kilo 3,300, nami huivuta kwa Land Cruiser. Matairi yake ni ST205/75R15, daraja la mzigo D, na valvu ni za mpira. Mwezi uliopita nilifungiwa mfumo wa kufuatilia presha ya matairi, wenye vihisi vinne vinavyokazwa juu ya valvu na skrini ndogo ya kuweka kwenye dashibodi. Muuzaji aliweka kikomo cha chini psi 60 na cha juu psi 72. Asubuhi tulipoondoka nyumbani matairi yote yalisoma psi 65. Mchana, tulipokaribia Magadi, kengele ilianza kulia: matatu yalionyesha 73 na la nyuma kulia 75, na joto la hilo la kulia lilikuwa nyuzi 51 ilhali mengine yalikuwa 43. Nikasimama, nikatoa upepo kila tairi hadi 65, kengele ikanyamaza. Kesho yake alfajiri ikalia tena, safari hii ikisema presha iko chini: matatu 59, na lile la kulia 57. Isitoshe, tairi la nyuma kushoto hupotea kwenye skrini mara kwa mara tukiwa njiani. Tumerudi nyumbani salama, na muuzaji yuko tayari kunibadilishia. Je, kifaa hiki ni kibovu?

JIBU: Ndugu yangu, salamu zimefika, na nakushukuru kwa kuandika nambari zote kwa ukamilifu, kwa sababu ndizo zinazoniwezesha kukujibu bila kubahatisha. Kifaa chako si kibovu. Vihisi vilisoma hasa kile ambacho hewa hufanya mtu anaposhuka kutoka Nairobi hadi Magadi. Kilichokosewa ni vikomo alivyoviweka muuzaji, na ule upepo ulioutoa. Kabla ya maelezo yoyote, nakuomba trela isisogee tena mpaka matairi yote manne yajazwe hadi psi 65 yakiwa baridi, yaani baada ya kutulia kwa saa tatu au zaidi bila kupigwa na jua.

Kipimo cha psi 65 ulichoanza nacho kilikuwa sahihi. Tairi za trela za daraja D hupewa uwezo wao kamili wa kubeba zikiwa na psi 65 za baridi, na kwa saizi yako uwezo huo ni kilo 975 kwa kila tairi. Hewa iliyomo ndani, ikipashwa moto bila nafasi ya kutanuka, huongeza presha kulingana na joto lake. Tukichukua kwamba uliondoka Lang'ata hewa ikiwa nyuzi 15, kisha kwa msuguano, lami yenye joto na jua la bondeni ikafika nyuzi 50 ndani ya tairi, hesabu inaonyesha ongezeko la takriban psi 9. Kwa nini basi hukuona 74? Kwa sababu kuna jambo la pili linalosahaulika sana na sisi tunaoishi juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayotuzunguka hapa hukandamiza kwa takriban psi 12 tu. Magadi, iliyo kiasi cha mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, hukandamizwa kwa karibu psi 14. Geji hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, hivyo ulipopita Kona Baridi na kuanza kuteremka kuelekea Olorgesailie, mwinuko ulikuwa ukikupunguzia psi 2 huku joto likikuongezea 9. Jumla yake ni zile 72 au 73 ulizoziona, nami nimefurahi kuona vihisi vilivyo sahihi kiasi hicho.

Tairi limeundwa likitarajia ongezeko hilo. Kiwango kilichoandikwa ubavuni ni cha tairi baridi, na mtengenezaji amekwisha kuacha nafasi ya presha itakayopanda njiani, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15. Ulipotoa upepo pale kando ya barabara uliondoa hewa ambayo tairi liliihitaji baada ya kupoa, ndiyo maana alfajiri ulikuta 59. Isitoshe, presha pungufu hulifanya tairi lijikunje zaidi kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto hupandisha tena ile nambari iliyokufanya ufungue valvu. Mtu anayetoa upepo kila kengele inapolia huliumiza tairi lilelile analodhani analiokoa.

Nisikutie hofu kupita kiasi: kwa uzani wako, ukitoa sehemu inayobebwa na gari kwenye kiungo cha kuvutia, kila tairi linabeba wastani wa kilo 740 hivi. Kwa psi 50 uwezo wa tairi hilo ni kilo 825, kwa hiyo ukiwa na 59 hukuwa umevuka mpaka. Lakini huo ni wastani, na matrela ya kambi hayabebi kwa wastani. Tangi la maji, friji na betri mara nyingi huwa upande mmoja, na nimewahi kuona kwenye mizani tofauti ya zaidi ya kilo 100 kati ya tairi la kushoto na la kulia katika ekseli moja. Ukipata nafasi, pima kila gurudumu peke yake ukiwa umejaza vitu vya safari.

Sasa vikomo. Kikomo cha juu cha psi 72 ni asilimia 11 tu juu ya kiwango chako cha baridi, kwa hiyo kengele italia kila siku yenye jua, na dereva aliyezoea kengele ya bure huishia kuizima. Kipandishe hadi 79. Kwa kikomo cha chini, sheria ya Marekani iliyoanza kutumika kikamilifu kwa magari madogo mapya mwezi Septemba 2007 inaitaka taa ya onyo iwake presha inaposhuka asilimia 25 chini ya kiwango kilichowekwa. Sheria hiyo haiyahusu matrela, wala nisingekushauri uifuate: asilimia 25 chini ya 65 ni psi 49, na kufikia hapo tairi lililoelemewa na mzigo kuliko mengine huenda limekwisha kuumia. Weka 58. Sikuachii 60 kwa sababu ukienda kulala Nyahururu, ambako alfajiri huwa na baridi kali kuliko yetu, tairi zima kabisa linaweza kupoteza psi 2 au zaidi kwa baridi peke yake; likiwa limekwisha kupungua kidogo tangu ulipolijaza, litafika 60, na sitaki uamshwe bure. Kikomo cha joto kiache nyuzi 70.

Ulinganishe pia skrini na geji nzuri ya mkononi kabla ya safari. Baadhi ya vihisi hupima presha yote ya ndani kisha hutoa kiasi maalumu cha hewa ya pwani, bila kujua kwamba viko Nairobi. Kihisi cha namna hiyo kitaonyesha 62 ilhali geji inasema 65, na mwenye trela ataongeza upepo asiouhitaji. Tofauti ikiwa ileile kwa matairi yote manne, ifuate geji na uizoee tofauti hiyo. Ikiwa ni tairi moja tu linalotofautiana, hapo ndipo pa kushuku kihisi.

Kuhusu tairi la nyuma kushoto linalopotea, fanya jaribio rahisi. Trela ikiwa imesimama, chomoa skrini, itembeze hadi karibu na gurudumu hilo na usubiri dakika kadhaa, kwa kuwa vihisi vingi hutuma taarifa kwa vipindi ili kutunza betri na huharakisha pale tu presha inaposhuka ghafla. Kisipoonekana hata hapo, badilisha betri yake, ambayo kwa vihisi vingi vya juu ya valvu ni ile ndogo ya mviringo, na uhakikishe mpira wa kuzuia maji umekaa sawasawa. Kikionekana karibu na gurudumu lakini kikapotea ndani ya gari, basi ni mawimbi yanayoshindwa kufika. Vihisi hivi huwa na nguvu kidogo sana ya redio, na kati ya gurudumu la nyuma na dashibodi kuna mita tisa au zaidi, ukuta wa bati la alumini, friji na mwili wa gari lenyewe. Tiba yake ni kikuza mawimbi, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye trela na kupokea taarifa za vihisi ili kizitume upya kwa nguvu zaidi. Kifunge mbele, karibu na kiungo cha kuvutia, na ukipe umeme wa betri ya trela moja kwa moja. Fundi akikiunga kwenye waya wa taa za nyuma, kitafanya kazi usiku tu.

Hukuniuliza juu ya valvu, lakini umezitaja, nami siwezi kuziruka. Valvu za kawaida za mpira zimekusudiwa presha isiyozidi psi 65 za baridi, kwa hiyo wewe umekwisha kufika ukingoni, na sasa umeongeza uzito juu yake. Kihisi cha gramu 12 kinaonekana chepesi mkononi. Hata hivyo, trela ikienda kilomita 80 kwa saa, mzunguko wa gurudumu la inchi 15 hukivuta kuelekea nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo nzima, safari nzima, na kila shimo la barabarani hukitikisa. Juzi kwenye karakana nilishika valvu ya trela ya mteja, nikaisukuma pembeni kwa kidole gumba. Pale shinani, mpira unapoingia kwenye rimu, palifunuka mpasuko mwembamba kama ukucha, ambao valvu ilipoachiwa ulijifunga na haukuonekana tena. Nilipopaka maji ya sabuni na kusukuma tena, mapovu yalitoka. Mteja huyo alikuwa amelaumu misumari kwa miezi miwili. Badilisha zote nne, uweke valvu za chuma za kukazwa kwa nati, na kabla ya kukaza vihisi upake nyuzi zake grisi ya kuzuia kutu, kwa maana shaba na alumini zikikutana na chumvi na vumbi la magadi hushikana hadi kihisi hakifunguki bila kuvunja valvu. Gurudumu la spea nalo lipewe valvu ya chuma, hata kama halina kihisi.

Limebaki tairi la nyuma kulia, na ndilo linalonishughulisha kuliko mengine yote. Jua la mchana lilikuwa upande wenu wa kulia mkielekea kusini, hilo ni kweli, lakini lingelipasha moto tairi la mbele kulia pia, nalo lilikuwa na nyuzi 43 kama yale ya kushoto. Kihisi kiko nje, kinapulizwa na upepo, kwa hiyo nyuzi 51 kwenye skrini humaanisha ndani kuna joto zaidi, na psi 75 zinathibitisha hivyo. Tazama pia kilichotokea ulipotoa upepo: uliyashusha yote hadi 65, lakini lile lenye joto zaidi ndilo lililopoteza hewa nyingi zaidi, hata asubuhi likawa na 57. Gurudumu lenye matatizo ndilo ulilolipunguzia akiba zaidi.

Nalisema hili kwa sababu limewahi kunifika. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa navuta trela ya ekseli mbili kutoka Naivasha, na sikuhisi chochote kwenye usukani, kwa kuwa ekseli ya pili hubeba mzigo wa ile iliyoshindwa na gari la mbele huendelea kama kawaida. Ni dereva wa lori aliyenipigia honi na kunyoosha mkono dirishani. Niliposhuka nilikuta kwenye rimu mikanda ya waya na vipande vya mpira, na tairi la mbele yake, lililobeba mzigo wa mawili kwa kilomita nisizozijua, lilikuwa la moto kiasi cha kutogusika. Sikuwa na kihisi. Chanzo kilikuwa breki isiyoachia.

Kwa hiyo, ukishajaza upepo, vuta trela kilomita tano hivi kwenye barabara tambarare ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimame, na mara moja usogeze kiganja karibu na vikombe vya magurudumu yote manne, yaani sehemu ya katikati yenye beringi, bila kuvigusa. Gurudumu la nyuma kulia likitoa joto ambalo mengine hayatoi, rudi nyumbani polepole, uweke trela mahali pa usawa ikiwa bado imefungwa kwenye gari, zuia magurudumu mengine kwa mawe au vigingi, kisha uliinue hilo kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi na kusimama taratibu. Likigoma au likakwaruza, breki imeshika. Likinguruma, au likichezacheza unapolishika juu na chini na kulitikisa, ni beringi. Kwa vyovyote vile fundi afungue kikombe, aangalie grisi na bitana za breki, na alitoe tairi hilo kwenye rimu alikague kwa ndani. Akikuta unga mweusi wa mpira au mstari wa mikunjo kuzunguka ubavu, tairi hilo lisirudishwe barabarani hata kama kashata zake, yaani meno yanayokanyaga barabara, bado ni nzima.