Maswali ya wasomaji: kituo cha oparesheni za ndege tukipeleke wapi, kwenye vimbunga, tonado au theluji?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko kwenye kamati ya shirika la ndege, tumeambiwa kituo cha oparesheni kinahama, yani kile chumba wanachokaa madispacha (wale wanaopanga na kufuatilia kila safari wakiwa chini), wanaopanga marubani na wahudumu, watu wa matengenezo na wa hali ya hewa, masaa 24. Miji imebaki mitatu. Mmoja uko karibu na pwani na vimbunga vya baharini vinafika, wa pili uko kwenye nyanda za tonado, yani kile kimbunga chembamba cha nchi kavu, wa tatu una theluji nzito. Wenzangu wanataka ule wa tonado utolewe kabisa hata kabla ya kujadili. We unaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, waombe wasubiri kidogo. Tonado inatisha na inaua, hilo sibishi, lakini kamati inatakiwa ijiulize ni kitu gani kitazima kituo na kitakizima kwa muda gani, sio ni kitu gani kinatisha ukikiona kwenye video. Njia ya tonado ni nyembamba, mara nyingi haifiki hata nusu kilomita kwa upana, na ile ya El Reno kule Oklahoma ya tarehe 31 Mei 2013, ambayo ndo pana kuliko zote zilizowahi kupimwa Marekani, ilikuwa kilomita 4 na kitu. Kwa hiyo mji unaweza kupigwa na jengo lenu lisiguswe. Na hata likiguswa, hapo mhandisi ana la kufanya: zege, paa lililofungwa vizuri, chumba cha kazi kisicho na madirisha, na muhimu zaidi chumba chenyewe ndo kiwe mahali pa kujificha, maana king'ora kikilia hamuwezi kuwaambia madispacha wote washuke chini waache ndege ziko angani. Kwa sheria za Marekani dispacha anabeba jukumu la safari pamoja na rubani, sio mtu wa kuacha simu tu.

Kimbunga cha baharini ni habari nyingine kabisa. Kinatoa taarifa siku kadhaa kabla, hiyo ni faida kubwa, ila kikifika kinafunika eneo lote, jengo, barabara, nyaya za umeme na nyumba za wafanyakazi wenu kwa pamoja. Kimbunga Ike kilipoingia Texas, Marekani, tarehe 13 Septemba 2008 wateja zaidi ya milioni 2 eneo la Houston walikaa gizani, wengine kwa wiki. Sasa jengo lenu linaweza kuwa zima kabisa, jenereta inanguruma, lakini dispacha wa shifti ya usiku yuko njiani anahamisha wazazi na watoto, na ana haki kabisa. Hilo mimi naliona zito kuliko paa kung'oka, kwa sababu paa utaligharamia, ila watu wenye leseni na uzoefu huwezi kuwaazima popote kwa siku mbili.

Theluji nayo inasumbua ila kituo kinaivumilia. Desemba 2006 uwanja wa ndege wa Denver, Marekani, ulifungwa kama masaa 45, hasara ilikuwa kubwa kwelikweli, lakini kufungwa kwa njia ya kurukia sio kuzimika kwa kituo. Mkiwa na vitanda, chakula na shifti moja ya ziada iliyoingia kazini kabla theluji haijaanza, kazi inaendelea. Ninayoiogopa zaidi ni mvua ya barafu, ile inayoganda kwenye nyaya mpaka zinakatika, hiyo muipe alama mbaya kuliko theluji yenyewe.

Halafu kuna swali ambalo kamati nyingi zinalisahau: dhoruba moja inaweza kupiga vitu vingapi vyenu kwa wakati mmoja? Kituo kikikaa mji mmoja na uwanja wenu mkuu, siku uwanja umevurugika ndo siku hiyo hiyo watu wa kuupanga upya nao wamevurugika. Na kituo cha bakapu, yani cha akiba, kisiwe mbali kwa kilomita tu, kiwe kwenye gridi nyingine ya umeme pia, yani mtandao mwingine wa umeme. Dallas na Houston ziko mbali zaidi ya kilomita 350, unaweza kusema hapo tuko salama, lakini Februari 2021 baridi kali ilipoielemea gridi ya Texas sehemu kubwa za miji yote miwili zilikosa umeme kwa pamoja. Umeme wenyewe hauhitaji hata dhoruba, Agosti 2016 hitilafu ya kifaa cha umeme kule Atlanta iliiangusha mitambo ya kompyuta ya shirika la ndege la Delta na safari zaidi ya 2,000 zikafutwa ndani ya siku tatu.

Kwa hiyo mimi ningeweka mji wa theluji kwanza, wa tonado wa pili kwa sharti la jengo imara, wa pwani wa mwisho, na huo wa pwani ningeukubali tu kama bakapu iko bara, ina watu wanaofanya kazi pale kila wiki, sio chumba kilichofungwa kufuli kinasubiri siku ya balaa.

SWALI: Wakala wa majengo anatuambia kiwanja kiko nje ya eneo la mafuriko ya miaka 100, so tusiwe na wasiwasi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli kivile. Mafuriko ya miaka 100 maana yake kila mwaka kuna asilimia 1 ya kutokea, na mkikaa pale miaka 30 inakuwa kama asilimia 26, hicho ndo kipimo cha mstari wa ramani ya mafuriko, na nje ya mstari maji hayajakatazwa kufika. Houston ilipata mafuriko makubwa 2015, 2016 na 2017, mfululizo. Mwulizeni ramani imechorwa mwaka gani na nini kimejengwa upande wa juu wa mto, kule maji yanakotoka, tangu hapo. Na jenereta, pampu za mafuta na swichi za umeme zisikae besimenti, yani ghorofa ya chini ya ardhi, dhoruba Allison ya Juni 2001 ilijaza maji besimenti za hospitali za Houston mpaka wagonjwa wakahamishwa.

SWALI: Tukipewa ghorofa za juu kwenye mnara wa vioo katikati ya mji je?

JIBU: Hapana. Tarehe 28 Machi 2000 tonado ilipita katikati ya Fort Worth ikavunja vioo vya minara, na hata bila tonado lifti zikisimama watu wenu watapandaje? Tafuteni jengo fupi, lenu wenyewe, lenye njia mbili za kuingilia na laini mbili za faiba zinazopita barabara tofauti.