Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujanunua Kopo la Dawa ya Kumbukumbu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinauliza kama virutubisho vya kwenye makopo vinaweza kuokoa kumbukumbu. Tumechagua tano. Wanaojibu ni mfamasia na mtaalamu wa lishe wa gazeti hili.

SWALI: Shikamooni. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Newala. Ana kisukari mwaka wa tisa sasa na anameza metformin asubuhi na jioni. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile mara tatu, anasahau chungu jikoni, na analalamika ganzi kwenye nyayo. Kuna mtu anapita na kopo la ginkgo, dawa ya majani ya mti, anasema linarudisha kumbukumbu. Nimnunulie?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Usinunue. Ginkgo ilipimwa Marekani kwa watu zaidi ya 3,000, wengi wao wenye miaka 75 na kuendelea. Nusu walimeza miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalitolewa 2008: ugonjwa wa kusahau uliwapata wa huku na wa kule kwa kiwango kile kile. Isitoshe, ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu kwa anayetumia aspirini au warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), na wazee wengi wenye kisukari na presha wamo kwenye aspirini.

Kilichotushtua kwenye barua yako si kusahau peke yake. Ni metformin, ganzi na kusahau kukutana kwa mtu mmoja. Metformin ni dawa nzuri ya sukari, lakini ikitumika kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja kimyakimya, mara nyingi baada ya mwaka wa nne au wa tano. Kama mama anameza pia omeprazole ya vidonda vya tumbo, mwambie daktari, maana nayo huchangia.

Tazama na sahani yake. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, lakini ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi na hata mlonge havina B12 ya kutegemewa. Hiyo hutoka kwa wanyama: samaki, dagaa, mayai, maziwa, nyama, na zaidi ya vyote maini. Mzee aliyeacha nyama kwa sababu ya meno, na samaki kwa sababu ya bei, anaishiwa upesi.

Mpeleke hospitali, omba kipimo cha B12 na picha kamili ya damu. Kama maabara ya karibu haina kipimo cha B12, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Chembe nyekundu zilizovimba, yaani kipimo cha ukubwa wake (MCV) kikizidi 100, ni kidokezo kizuri cha upungufu, ila zisipoonekana usirudi nyumbani ukiwa umeridhika: neva zaweza kuumia damu ikiwa bado inaonekana safi. Waombe wapime sukari na tezi ya shingo pia. Na metformin asiiache. Sukari iliyopanda nayo huharibu ubongo.

Akikutwa na upungufu, tiba kwa kawaida ni sindano za maikrogramu 1,000, za karibukaribu mwanzoni, kisha kwa nafasi ya miezi. Vidonge vya maikrogramu 1,000 kila siku navyo hufanya kazi kwa wengi, kwa sababu karibu asilimia 1 ya dozi hupenya yenyewe. Kwa mwenye ganzi na kusahau, madaktari wengi huanza na sindano.

Watu hukosea pawili. Kwanza, kumpa mzee vidonge vya foliki peke yake. Wingi wa damu hupanda, kila mtu anafurahi, na huku neva zinaendelea kuharibika. Pili ni vile vidonge vya "vitamini za neva" vyenye B1, B6 na B12 pamoja. Geuza pakiti usome: vingine vina miligramu 200 za B6. Ukimeza kiasi hicho kwa miezi, B6 yenyewe huleta ganzi ile ile uliyotaka kuiondoa.

Jambo moja zaidi. Je, anatumia Piriton ili apate usingizi? Wazee wengi hufanya hivyo. Dawa hiyo huzuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kukumbuka, na kuiacha huweza kumchangamsha mzee ndani ya siku chache. Uchovu wa upungufu wa B12 huisha kwa wiki, ganzi kwa miezi. Kumbukumbu ikikaa bila tiba muda mrefu hairudi yote, kwa hiyo usingoje msimu wa korosho uishe.

SWALI: Habari zenu. Niko Mikindani, samaki tunao. Bado ninahitaji kapsuli za mafuta ya samaki kwa ajili ya ubongo?

JIBU: Salama, mama. Huhitaji. Kapsuli ya kawaida iliyoandikwa miligramu 1,000 hubeba takriban 300 tu za mafuta yanayotafutwa, yaani omega-3: 180 za EPA na 120 za DHA. Kipande cha kibua kinachojaa kiganja kinakupa hayo na protini, iodini na B12 juu yake. Majaribio makubwa ya kapsuli hayakuonyesha kwamba zinazuia kusahau.

Kula samaki mara mbili kwa wiki au zaidi: vibua, dagaa, jodari. Mpike mchuzi au umchome. Ukimzamisha kwenye mafuta yanayochemka mpaka akauke, unabadilisha mafuta yake mazuri kwa mafuta ya karai. Ng'onda loweka, umwage maji mara mbili kabla ya kupika, kwani chumvi yake hupandisha presha, na presha ya muda mrefu huharibu mishipa midogo ya ubongo kuliko ukosefu wa kapsuli yoyote. Kama hujapimwa presha mwaka huu, anza na hiyo.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha nne, Lindi mjini. Wenzake wanameza vidonge vya akili kabla ya mtihani. Vina faida?

JIBU: Havina. Binti anayesinzia darasani mpime wingi wa damu. Upungufu wa madini ya chuma hupunguza umakini, na hedhi nzito ndiyo chanzo cha mara kwa mara. Akipewa vidonge vya chuma, asivimeze na chai. Apishe angalau saa moja, au avimeze na chungwa. Chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto. Ile ya mashamba ya pwani inayouzwa kwa kipimo kutoka kwenye kiroba mara nyingi haina, na yenye nayo huyapoteza ikiachwa wazi juani. Mengine ni usingizi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, Kilwa Masoko, miaka 71, sina ugonjwa. Nasikia multivitamini inasaidia wazee. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Hapa kuna ukweli kidogo. Kuanzia 2022, majaribio ya Marekani kwa watu wenye miaka 60 na zaidi yalionyesha kwamba waliomeza multivitamini ya kila siku walifanya vizuri kidogo kwenye vipimo vya kumbukumbu kuliko wasiomeza. Ni kidogo kweli, na haijathibitika kwamba inazuia ugonjwa wa kusahau. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, halipendekezi vitamini B, vitamini E wala mchanganyiko wa virutubisho kwa lengo hilo.

Ukiamua kutumia, kidonge kimoja kwa siku, pamoja na chakula. Chagua chenye B12 na vitamini D, na kisicho na madini ya chuma, maana mwanamume wa umri wako hapaswi kuongeza chuma bila kupimwa damu. Kimoja hakizidishwi kwa kingine: ukimeza makopo matatu, vitamini A na B6 hujumlika bila wewe kujua. Ukiwa kwenye warfarin, muulize daktari kwanza. Kopo lisilo na orodha ya vipimo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda liache dukani. Na masikio, Mwalimu, yanasikia vizuri? Usikivu uliopungua ni miongoni mwa mambo yanayochangia ugonjwa wa kusahau, na unashughulikika.

SWALI: Kaka yangu, Masasi, anakunywa nipa, pombe kali ya kienyeji, tangu msimu wa mabibo, hali chakula. Sasa anayumba hata asipokunywa, anasema anaona vitu viwiliviwili, na anasimulia mambo ambayo hayakutokea. Kuna vitamini ya kumpa?

JIBU: Ipo, dada, lakini si ya kununua na kumpa nyumbani. Mpeleke hospitali leo hii.

Hizo ni dalili za kuishiwa vitamini B1, thayamini. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Pombe huzuia utumbo kuifyonza, na muhogo au sembe iliyokobolewa havina ya kutosha kuirudisha. Bila hiyo ubongo hushindwa kutumia sukari, na sehemu za ndani zinazoongoza macho, mwendo na kumbukumbu huanza kufa. Hizo hadithi si uongo wake. Ubongo unaziba mapengo ya kumbukumbu kwa kubuni, naye mwenyewe anaziamini. Tusimgombeze.

Vidonge havitoshi katika hatua hii. Anahitaji thayamini ya mshipani, kwa dozi kubwa, kwa siku kadhaa. Macho hutulia kwa saa au siku, mwendo huchukua wiki, na kumbukumbu ndiyo hubaki nyuma ikiwa mmechelewa.

Msimkataze pombe ghafla mkiwa nyumbani. Mnywaji wa kila siku akikatishwa anaweza kutetemeka, kuweweseka na kupata degedege ndani ya siku tatu za mwanzo, kwa hiyo aiache chini ya uangalizi wa hospitali. Mkifika mapokezi, msione haya kusema: "Anakunywa kila siku, hajala kwa wiki kadhaa, anayumba na macho hayatulii." Mkiona anatundikiwa dripu ya glukosi, ulizeni kwa upole kama ameshapewa thayamini, kwa sababu sukari ikiingia peke yake humaliza ile kidogo iliyobaki.