"Valvu imefungwa": gesi imezuiwa, au kifaa kimesimikwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi mabomba hapa Tanga. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili mwongozo mfupi wa kuchagua valvu za mafuta na gesi. Mwenzangu mmoja anataka niandike "vali", mwingine "koki". Tena sentensi yangu, "Chagua valvu itakayofungwa kwenye bomba kuu", imezua ubishi. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jina la kifaa hiki cha kuruhusu au kuzuia mkondo ndani ya bomba lisikusumbue sana. Valvu na vali zote zinaeleweka, na zote ni za ngeli ya I-ZI. Shika moja mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi napendelea valvu kwa kuwa ndivyo mafundi wanavyotamka. Koki iache kwenye maji ya nyumbani na mtungi wa jikoni.

Hofu yangu iko kwenye kitenzi. Kufunga ni kuzuia njia, na pia ni kuweka kifaa mahali pake: tunafunga mlango, tunafunga injini. Kufungua nako ni hivyohivyo. Fundi "aliyefungua valvu" huenda ameruhusu gesi ipite, au ameitoa bolti zote na vipande vimetandazwa kwenye turubai. Sasa fikiria mtu anapigiwa simu kwamba "valvu namba nne imefungwa". Yeye anaelewa gesi imezuiwa, kumbe aliyepiga alitaka kusema kazi ya kuiweka imekwisha, na njia iko wazi. Anakwenda kulegeza kiungo cha bomba lenye presha. Neno moja hapo linaweza kuua watu.

Kwa hiyo, ndani ya mwongozo wako, funga na fungua zihusu mkondo tu. Kuweka kifaa andika simika, kukitoa andika ng'oa, na kutenganisha vipande vyake andika fumua, neno ambalo mafundi wa magari wanalo tayari. Sentensi yako iwe: "Chagua valvu itakayosimikwa kwenye bomba kuu."

Na kuchagua kwenyewe kuanze na kitenzi. Valvu ya lango, yenye bamba linaloshuka kukata njia, ni ya kufungia: ama wazi kabisa, ama imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu wazi, mkondo unalitikisa lango na kulila ukingoni, na siku ukitaka kuifunga itavujisha. Kama kazi ni kupunguza au kuongeza kiasi kinachopita, andika "valvu ya kudhibitia", ile ambayo kizibo chake hushuka juu ya tundu kidogo kidogo. Valvu ya tufe, yenye tufe lililotobolewa tundu katikati, hufunga kwa robo mzunguko, na mpini wake unasema wenyewe: ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikingama, imefungwa. Mafuta ghafi ya Hoima, Uganda, yana nta nyingi, ndiyo maana bomba lake la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, hapo kwenu, limesanifiwa kupashwa joto. Bomba la namna hiyo hupitishiwa chombo cha kulikwangua kwa ndani, kwa hiyo kwenye njia yake andika wazi: "valvu ya tufe yenye tundu pana sawa na bomba". Ukiandika "valvu kubwa", mnunuzi anaweza kukuletea yenye umbo kubwa na tundu jembamba, na chombo kitakwama humo.

Jambo la mwisho ni kauli za kitenzi, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao miongozo mingi haiutumii. "Imefunguliwa" ina mkono wa mtu nyuma yake. "Imefunguka" haimtaji mtu. Valvu ya usalama, inayoachia presha ikizidi kiwango, hufunguka. Usiandike hufunguliwa, msomaji atabaki kumsubiri wa kuifungua. Vivyo hivyo kwa valvu inayoendeshwa kwa umeme au hewa: kabla ya kuichagua lazima ijulikane itafanya nini nguvu hiyo ikikatika. Andika "hujifunga umeme ukikatika" au "hujifungua umeme ukikatika", uweke maneno hayo kwenye safu yake katika jedwali, tena kwa herufi nene.