Je, mwajiri huchangia nusu ya SHA, ile bima ya afya ya umma ya Kenya?

Hapana dada, mwajiri hachangii SHA hata shilingi moja. Ile 1.5% uliyosikia naye hulipa ni ya tozo ya nyumba za bei nafuu. SHA ni 2.75% ya mshahara wote kabla ya makato, marupurupu yakiwemo: wa 40,000 hukatwa 1,100. Kazi ya mwajiri ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapo ndipo mambo huharibika: hati ya mshahara inaonyesha makato, ukifika hospitalini unaambiwa hujalipiwa. Piga *147# uhakikishe ukiwa bado mzima.

Mama mboga, asiye na mwajiri, naye hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, si chini ya 3,600. Huyo ndiye ninayeona ameonewa.